Zamu ya Krismasi

Vijana wa usharika, mwenyekiti wenu alikuja nyumbani kwangu huku Mwika baada ya ibada, akanipa shikamoo yake ya haraka, akaniambia mmeamua nije kuwapa ushuhuda siku ya vijana. Mada mmeshaipanga tayari: namna rubani wa jeshi alivyoweza kuilinda familia yake na imani yake. Nikamwuliza ni nani kawaambia kwamba nimeweza. Akacheka, akadhani mzee anamtania. Nikamwambia sitasimama mbele ya kanisa, maana nikisimama nitasema maneno matamu, watu wataitikia amina, na mama mmoja anayekaa upande wa wanawake atainamisha uso. Afadhali niandike. Atakayesoma asome, atakayechoka aache.

Kwanza nianze na kazi, kwa kuwa najua ndiyo mnayoitaka. Mimi sikurusha zile ndege za kivita mnazozitazama kwenye simu zenu. Nilirusha ndege za mizigo, zenye tumbo pana na pangaboi mbili, na kelele ambazo mpaka leo zimenikalia sikio la kushoto. Ndiyo maana mnaponisalimia upande huo siitikii, siyo kiburi. Tulibeba askari, unga, dawa, vipuri na maiti. Safari moja tulibeba fahali wa mbegu wa mkubwa mmoja, akajisaidia sakafu nzima tangu tulipoacha ardhi mpaka tulipotua, na kazi ya kusafisha ikawa ya marubani. Mkiona rubani kavaa miwani myeusi na mabega yanang'aa, jueni kuna siku alishika ufagio.

Aliyenifundisha ni Kapteni Mbaruku, mtu wa Tanga, mwembamba, Mwislamu wa swala tano na ulimi mkali. Asubuhi ya kwanza aliponikabidhi ndege nikague, mimi nikaweka kiganja kwenye bodi yake nikaanza kuomba. Niliomba kwa Kichagga, kwa sababu mama yangu aliniambia Mungu anasikia lugha zote lakini Kichagga hahitaji kurudiwa. Niliomba sana. Nilimwombea fundi, nikayaombea mawingu, nikamwombea na Kapteni mwenyewe. Yeye alisimama pembeni mikono nyuma, akanisubiri kwa adabu kabisa mpaka nikasema amina.

"Umemaliza?" akauliza.

"Ndiyo, afande."

"Umemweleza Mungu habari za nyigu?"

Nikamtumbulia macho. Akanishika mkono akanipeleka chini ya bawa, kwenye kijibomba kidogo kinachopokea upepo ili saa ya mwendo ndani ijue ndege inakwenda kasi gani. Kulikuwa na nyigu aliyejenga humo kwa udongo, kaziba kabisa. Kapteni akaniambia kwamba ningeondoka na dua yangu ningekuwa hewani bila kujua mwendo wangu, na habari ningezipata chini. Akasema Mungu amenipa macho na vidole, nivimalize hivyo kwanza ndipo nimsumbue. Tangu siku hiyo sikuacha kuomba, ila nilikuwa naomba nikiwa nimeshagusa kila kitu.

Na kugusa ndiyo kazi yenyewe, msidanganyike. Kuangalia hakutoshi. Tulikuwa na mwenzetu mmoja, kijana mcheshi wa Iringa, aliyetumwa kukinga mafuta ya tangi kwenye chupa ya kioo. Mnafanya hivyo ili muone kama kuna maji, maana maji ni mazito, hukaa chini ya mafuta na mstari unaonekana. Jamaa akakinga, akainua chupa kwenye jua, hakuona mstari wowote. Akasema safi, afande, hakuna maji. Kapteni Mbaruku akaipokea chupa, akainusa, akamrudishia akamwambia anywe. Kijana akadhani mzaha. Anywe! Akanywa. Yalikuwa maji matupu, chupa nzima, ndiyo maana mstari haukuwepo. Alikunywa mpaka mwisho, mafundi wameegemea gurudumu wanacheka machozi, na safari ile haikwenda. Basi ukinusa mafuta hutasahau harufu yake, na ukiangalia tu utaona unachotaka kuona.

Jambo lingine ni mlima. Sisi tuliozaliwa huku tuna ugonjwa wa kudhani mlima ni wetu. Nilipokuwa kijana nilijisemea, hawa wa pwani wauogope, mimi nimelishia ng'ombe majani yake. Upuuzi mtupu. Mlima unaoujua kutoka uani kwenu siyo mlima utakaoukuta ukiwa juu. Upepo unapita pale katikati ya Kibo na Mawenzi, ukifika upande wa pili unaporomoka, na ndege ikikutwa hapo inaporomoka nao hata ukivuta namna gani. Asubuhi kweupe, watu wanakunywa chai wingu limeshafunga. Kwa hiyo uupite mapema na uupite mbali, na hayo hata marubani wa leo wenye vioo vinavyowaonyesha mvua kwa rangi wanapaswa kuyajua. Sisi tulikuwa na ramani, penseli na saa ya mkononi. Sisemi zama zetu zilikuwa bora. Nilizika wenzangu wa zama zetu.

Sasa nifike kwenye kidonda, maana hayo yote nimekuwa nayazunguka tu.

Nyumba yetu ilikuwa ya Walokole. Baba alikuwa mzee wa kanisa, na mimi siku ya kipaimara niliahidi sitaonja pombe. Niliitunza ahadi hiyo jeshini, mahali ambapo kutokunywa kunahitaji maelezo. Kwenye mesi, bwalo letu la maofisa, waliniita Mchungaji. Haikunisumbua. Walikuwa wananiwekea soda yangu bila kuniuliza, na wakigombana walikuja kwangu.

Mwisho wa mwaka ulipofika, mkuu wa kikosi akaniita ofisini. Ilikuwa lazima ndege moja ikae tayari sikukuu nzima, na rubani wake akae kambini, amelala vizuri, kichwa kitulivu. Akaniambia, "Mchungaji, nikimweka mwingine, asubuhi ya Krismasi nitamkuta hawezi kufunga hata kamba za viatu. Wewe nakuamini."

Nilifurahi, vijana. Msinicheke. Nilikuwa na cheo kidogo na mke mbichi, na mkubwa mzima ananiambia ananiamini. Nikaandikia nyumbani kwamba mwaka huu sitakuja, nimepewa heshima.

Mwaka uliofuata ikawa vilevile, na uliofuata. Wakuu walibadilika, na kila aliyekuja alirithi viti, meza, na habari za yule Mchagga asiyekunywa. Pasaka wakati mwingine walinipa nafasi, lakini Krismasi ilikuwa yangu. Wenzangu walevi walikwenda kwao, wakacheza na watoto wao, wakarudi wananuka mbege na nyama choma, wakanipigia saluti wakaniambia Mungu akubariki, Mchungaji. Ningekuwa mlevi kidogo tu ningewalea wanangu. Hilo nimelifikiria mara nyingi nikiwa nimepiga magoti, na Mungu analijua kwa kuwa nimemwambia.

Mtaniuliza, Waislamu je, si wangekaa wao? Kapteni Mbaruku alijitolea, mwaka mmoja akanikalia zamu, lakini baadaye walimhamishia chuoni kufundisha. Waliobaki nao walikuwa na watoto waliofunga shule. Siku anaondoka Mbaruku alinivuta kando akanipa ushauri. Akasema ninunue chupa ya bia, niimwage, nijaze soda, nikae nayo mesi jioni mbili tatu mahali mkuu anaponiona, na nikiinuka niyumbe kidogo. Akasema hata kuimba si lazima.

Nikamwambia siwezi. Kujifanya mlevi mbele ya watu ni ushuhuda mbaya.

Akainua begi lake. "Haya," akasema. "Basi Mungu wako akulipe, kwa sababu jeshi halitakulipa, na mkeo atashindwa."

Nilikasirika. Nilimwona mtu mwema aliyepotea kidogo. Alikwenda zake chuoni, na sikumpa mkono kama nilivyopaswa kumpa.

Ninyi mliozaliwa huku hamhitaji kuelezwa Krismasi, lakini mwenyekiti wenu ameniambia kuna vijana wageni usharikani, walimu na wauguzi, basi wanivumilie wengine. Mchagga anaweza kukosa mambo yote ya mwaka, lakini mwezi wa kumi na mbili anapanda kwao. Sisi ukoo wetu tunachinja pamoja, kwenye kihamba cha babu, shamba la migomba tulilorithishana. Wanyama wanaangushwa asubuhi, kisusio, supu yetu ya damu, kinachemka, na nyama inapangwa juu ya majani ya mgomba kwa mafungu. Kila fungu lina mwenyewe. Kidari kina mtu wake, shingo ina mtu wake, na mbavu zinahesabiwa kwa kufuata uzawa. Mkataji anaita jina kwa sauti na mwenye jina anatoka mbele ya ukoo mzima. Mwanaume anapokea kwa mkono wake mwenyewe, na mkewe anakula kupitia kwake. Hakuna kumpokelea mwingine. Kijana hapokei mpaka aoe. Wajane wana mafungu yao, nao wanaitwa kwa majina yao. Asiyekuwapo na lake halipo, na huku hiyo siyo methali, ndiyo utaratibu.

Mimi ni kitinda mimba. Kwa desturi nyumba ya baba ni yangu, na mzigo wa wazee ni wangu pia. Kwa hiyo Ndeshi, mke wangu, hakukaa nami kambini. Tulikubaliana akae hapa, awalishe baba na mama, awatunze ng'ombe na kahawa, awalee Aika na mdogo wake. Mimi nitapambana kule, nitakuja likizo. Likizo yangu ikaangukia Aprili, mwaka baada ya mwaka, masika yamekolea, tope mpaka magotini, watu wote wako mashambani. Wakaanza kuniita mtu wa masika. Nilikuwa nachimba mifereji, napogoa migomba, Jumapili naenda na mke wangu kanisani tumeshiriki mwavuli mmoja. Watoto siku za mwanzo walikuwa wananitazama kama mkaguzi wa shule. Wakinizoea, naondoka.

Kila Aprili nilimwuliza Ndeshi Krismasi ilikwendaje. Kila Aprili alinijibu, "Salama. Tulikula vizuri." Maneno ya watu yalikuwepo. Mwanamke mmoja alimsimamisha njiani akamwuliza kama ni kweli mumewe ana nyumba nyingine huko chini. Ndeshi akamjibu kwamba ningekuwa na mke mwingine ningenenepa. Nilicheka sana aliponisimulia. Sikumwuliza alijisikiaje kuulizwa.

Kuna Krismasi moja nilipita juu yao. Tulikuwa tumempeleka askari mgonjwa, tunarudi tupu, asubuhi kweupe, mlima umesimama wote bila wingu. Rubani msaidizi wangu akaniambia afande, kwenu si hapa chini? Shetani ana njia nyingi. Nikashuka, mbali na mlima kama nilivyofundishwa, nikapita juu ya kihamba, nikaliona paa la baba, nikawaona watu wamejaa uani. Nikainamisha bawa la kushoto, nikainamisha la kulia. Nilikuwa nalia ndani ya ndege kwa furaha. Nilijihesabia kwamba mwaka ule nimehudhuria.

Habari za huko chini nilizipata Aprili. Ng'ombe wa jirani aligoma kutoa maziwa siku mbili. Wazee wawili walijitupa chini ya migomba. Na ndafu, mbuzi aliyenoneshwa kwa sikukuu, aliyekuwa ameshafungwa tayari kwa kisu alikata kamba akaingia kwenye kahawa, wakamtafuta mpaka mchana, ukoo mzima umekaa na njaa. Watoto wangu waliruka wakipiga kelele, baba, baba. Baba mkubwa, aliyekuwa mkataji wakati huo, alipofika kwenye zamu ya jina langu mtu mmoja akasema jamani, si amekuja, tumemwona. Baba mkubwa akajibu kwamba fungu halipokelewi kwa bawa, akaendelea na jina lililofuata. Ndeshi alinisimulia hayo akicheka huku anamenya ndizi, nami nikacheka mpaka nikashika mbavu. Tulicheka vitu viwili tofauti.

Baba alipofariki niliruhusiwa siku za mazishi. Nilimzika, nikashika udongo, nikarudi kazini. Mama akamfuata. Ndeshi ndiye aliyewafumba macho wote wawili.

Nikastaafu. Walinipa cheti na ngao ya mbao, hotuba zikasemwa, mtu akanisifu, kwa kuzidisha kidogo, kwamba katika utumishi wangu wote hapakuwa na sikukuu niliyokosa kazini. Watu wakapiga makofi. Nikapanda nyumbani. Rafiki zangu wengine wamejenga Shirimatunda, kule Moshi, karibu na hospitali na lami, wakanishawishi. Nikasema mimi nina kwetu. Nilikuwa na hamu ya Krismasi ile kama mtoto. Nilishuka Moshi mjini nikanunua koti jipya, nikamnunulia Ndeshi kitenge, nikapita Pasua kwa binti yangu Aika, mwenye duka pale, nikamwambia mwaka huu baba yenu atapokea kwa mkono wake. Aika akanitazama, akafungua mdomo, kisha akamgeukia mteja. Nikadhani ana shughuli.

Siku ikafika. Magari ya kutoka Dar na Arusha yameziba njia mpaka barabarani, vijana wenzenu wanapiga picha na mbuzi. Mkataji sasa ni Elia, mtoto wa kaka yangu marehemu, mtu mpole, mkono wake mwepesi. Mafungu yakapangwa. Akaanza kuita. Wakaitwa wazee, wakaitwa waliofuata, ikafika mlango wa baba yangu, yaani uzao wake. Akaitwa Elia mwenyewe kwa nafasi ya kaka, na baada yake ilipaswa kuwa mimi. Nikaliweka koti sawa, nikapiga hatua. Elia akaita jina la mtoto wa binamu yangu.

Nikajua ni kusahau tu, kisu na kelele. Nikarudi nyuma nikasubiri. Majina yakaendelea kushuka mpaka yakaniacha kabisa. Ndipo akageukia upande wa vichanja vya kuanikia kahawa, walipokuwa wamesimama wajane na mabeseni yao, akaanza kuwaita hao. Wa kwanza akaenda, wa pili akaenda. Kisha akaita, kwa sauti ileile, kwa mazoea, "Ndeshi."

Mke wangu akatoka katikati ya wajane. Nilikuwa sijaona hata kwamba amesimama huko. Akapiga goti kidogo, akapokea kwa mikono miwili, akarudi kwa wenzake bila kunitazama. Mtu mmoja akacheka kifupi akanyamaza. Hapo ndipo Elia akaniona, nikiwa na koti langu, mzima, napumua. Kisu kikamshuka mkononi. Akaja akainama, akaniambia kwa sauti ya chini, na neno letu la kumheshimu mzee, "Baba mdogo, nisamehe, mbe. Mafungu yanapangwa kwenye kikao cha ukoo. Siwezi kuyagusa leo."

Nilitaka kumpiga mtu, ila sikujua nani. Kijana mmoja ambaye hata simjui, kwa heshima tu, akaniletea ini lililochomwa kwenye kijiti, kile kipande tunachompa mgeni aliyekuta watu wanachinja. Nilikula. Mtu mzima hakatai chakula mbele za watu.

Nyumbani Ndeshi alibandika nyama yake jikoni. Nikasimama mlangoni. Nikamwuliza tangu lini.

Akaniambia bila kugeuka. Ni baada ya baba kufariki. Miaka yote ya nyuma baba alikuwa anampasulia kutoka kwenye fungu lake yeye, kwa hiyo watoto walikuwa wanakula. Baba alipoondoka, walirudi nyumbani wamekunywa mchuzi tu. Mwaka uliofuata baba mkubwa akamwonea huruma. Akawaambia wazee kwamba mwanamke huyu anakuja peke yake kila mwaka, hana wa kupokea kwa ajili yake, wamweke kwa wajane naye apate chake. Hakuna aliyenitakia mabaya. Mwaka wa kwanza, akasema, alilia njia nzima, beseni kichwani.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungefanyaje? Ungeacha zamu?"

Rubani aliyefundishwa jibu la kila king'ora, nikaingia nikasogeza kuni jikoni kwangu.

Nikamwambia basi yameisha, nimerudi. Kikao cha ukoo kitakapokaa nitasimama nidai jina langu, na aibu hii itaondoka kwake. Nilidhani nampa zawadi. Hapo ndipo alipogeuka, akafuta mikono kwenye kanga, akaniambia maneno ambayo nayaandika kama alivyoyasema, kwa sababu hayo ndiyo ushuhuda mlioniomba.

"Wale wajane walinipokea hawakuniuliza mume wangu yuko wapi. Aika alipolazwa ndio waliokata majani ya ng'ombe wangu. Mama yako alipofariki ndio walioniosha mikono. Sasa ukidai fungu lako, mimi nitakula kwa jina lako, nitasimama nyuma yako, nao watabaki kule. Katika ukoo huu wote, Baba Aika, kuna fungu moja tu linaloitwa Ndeshi. Usinichukulie."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningeomba msamaha tukayamaliza. Alisema kama mtu anayemwambia mgeni asikanyage mbegu. Kisha akapakua, tukala, na nyama ilikuwa laini, na sikuweza kusema kwamba ni tamu.

Nina uchungu, vijana. Sina ugomvi na Mungu, ingawa kuna asubuhi nasali kwa kifupi sana. Sikuzini, sikunywa, sikuiba, kila mshahara ulifika nyumbani. Niliishika kazi kwa uaminifu na niliishika imani kwa uaminifu, na mke wangu akafanywa mjane nikiwa hai, kwa huruma ya watu wema. Nani nimshitaki? Mkuu aliyeniamini? Baba mkubwa aliyemwonea huruma? Nimetafuta wa kumlaumu kuanzia kambini mpaka hapa sijampata, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Mkiwa kazini, mkubwa akikuambia anakuamini, kabla hujafurahi muulize atakutumia wapi, na sikukuu hiyo nani atakosa nini. Na mkipata mtu wa kuwaambia ukweli mchungu, mpeni mkono anapoondoka.

Kikao kilikaa Januari, sebuleni kwa Elia, wanaume kwenye viti, wanawake kwenye mikeka karibu na mlango. Ndeshi alikaa na wenzake. Yalizungumzwa ya mpaka wa kihamba, yakazungumzwa ya ada za mtoto yatima, kisha Elia akasafisha koo akasema kuna jambo la aibu lililotokea Krismasi, naye anaomba alirekebishe. Akasema jina la baba mdogo lirudi mahali pake, mara moja, bila mjadala. Wazee wakaguna kukubali. Akaniuliza kama nina neno.

Nilisimama. Nilimtazama mke wangu, naye alikuwa anatazama mkeka. Mikono yake ilikuwa imeshikana mapajani, na mwanamke aliyekaa karibu naye alikuwa amemwekea mkono begani.

Nikasema mafungu yaachwe kama yalivyo.

Kelele zikawa nyingi. Mzee mmoja akasema haiwezekani mwanaume akae kwenye kihamba cha baba yake bila fungu, ni mkosi. Elia akawanyamazisha. Akaniuliza kwa upole, tena kwa wasiwasi, "Sasa baba mdogo, siku ile ya kuchinja tukuhesabu kama nani?"

"Mgeni," nikamjibu.

Akadhani hakunisikia vizuri, akauliza tena. Nikarudia, kwa sauti ya kutosha ili na Ndeshi asikie.